Ushauri: Sakafu Yetu Inabeba Watu Wangapi?

Mhandisi,

Mimi ni ofisa utawala katika kampuni ya bima hapa Dar es Salaam. Tumepanga ghorofa ya tatu kwenye jengo lenye ghorofa nne juu ya ile ya chini. Mkataba wa pango unasema sakafu yetu ni mita za mraba 540. Tuko wafanyakazi 62. Mwezi wa saba kituo cha simu chenye viti 40 kinahamia kwetu kutoka tawi jingine. Ukumbi wa semina unabaki palepale, na kila Ijumaa mawakala wetu wa nje huja humo kwa mafunzo.

Milango ya kutokea ni miwili. Wa mbele ni wa vioo, unatazamana na lifti na ngazi kuu, na tunaingilia kwa alama za vidole. Wa nyuma unatokea kwenye ngazi za nyuma, lakini tangu tulipoibiwa kompyuta mpakato mwaka jana umepigwa kufuli, na ufunguo anakaa nao mlinzi wa getini. Nilimwambia bosi nina wasiwasi. Yeye anasema watu 102 kwa sakafu kubwa namna hii ni wachache, na kwamba mlango wa nyuma ukiachwa wazi tutaibiwa tena. Je, hesabu ya kitaalamu ya jambo hili ipo, au kila mtu anakisia? Nimjibu nini bosi? Nimeambatanisha mchoro na vipimo nilivyochukua mwenyewe.

Ofisa Utawala, Dar es Salaam

Binti yangu, hesabu ipo, na kwa mchoro mzuri ulioniletea nimeifanya yote. Nakupa kwanza jibu, halafu nikuonyeshe lilikotoka ili ukiulizwa uweze kulitetea.

Kwa milango ilivyo leo, sakafu yenu isizidi watu 60. Mko 62. Mmeshazidi hata kabla mteja wa kwanza hajakaa mapokezi, kabla ya mawakala wa Ijumaa, na kabla ya kiti kimoja cha kituo cha simu kupandishwa ghorofani. Na hao 60 nimewahesabu kwa upole, maana ukipima umbali wa kutembea, hata wao hawapiti.

Bosi wako ameona sakafu ni kubwa, na kweli ni kubwa. Lakini idadi ya watu wanaoruhusiwa hutokana na mambo manne: nafasi, milango, umbali wa kuifikia milango hiyo, na ngazi zilizo nyuma ya milango. Kila moja hutoa namba yake, na sakafu hubeba ile iliyo ndogo kuliko zote.

Tuanze na watu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Bosi amechukua orodha ya mishahara akajumlisha. Mlango haujui nani analipwa na nani amekuja kudai fidia ya gari lake. Hesabu inataka kila kichwa kinachoweza kuwa ndani ya sakafu siku ya msongamano mkubwa, saa ya msongamano mkubwa. Kwenu saa hiyo ni Ijumaa asubuhi.

Kanuni za ujenzi huanza na eneo. Unachukua mita za mraba za chumba, unagawa kwa nafasi inayokadiriwa kwa mtu mmoja kulingana na kazi ya chumba hicho. Mwongozo wa Uingereza uitwao Approved Document B, ambao wasanifu na wahandisi wengi wa huku kwetu wanaufahamu, unatoa mita za mraba 6 kwa mtu katika ofisi, baada ya kuondoa ngazi, lifti na vyoo. Wamarekani katika International Building Code hupima sakafu nzima, vyoo na korido vikiwemo, halafu wanagawa kwa futi za mraba 150, yaani karibu mita 14 kwa mtu. Hadi toleo la 2015 walikuwa wakigawa kwa futi 100; kwenye toleo la 2018 wakapandisha baada ya kuona kwamba ofisi nyingi za kwao zina watu wachache kuliko ilivyodhaniwa zamani.

Angalia sasa kinachotokea kwenu. Kwa kanuni mpya ya Marekani mita zenu 540 zinatoa watu 39. Kwa ile ya zamani, 58. Kwa ya Uingereza, ukiondoa ngazi, lifti na vyoo unabaki na mita 480, na hizo zinatoa 80. Sakafu moja, majibu matatu. Mtu asikuambie kwamba hii inathibitisha ni kukisia. Kila jedwali limejengwa pamoja na kanuni zake za milango na ngazi, na linatumika pamoja nazo. Kosa nililolikuta mara nyingi kwenye michoro ni mtu kuokota idadi ndogo ya watu kutoka nchi moja na mlango mwembamba kutoka nchi nyingine. Chagua mwongozo mmoja, uufuate hadi mwisho. Hapa nitaufuata wa Uingereza, wa Marekani nitautaja pale tu unapofundisha jambo.

Na kuna sharti ambalo miongozo yote miwili inakubaliana: jedwali ni la kukadiria pale usipojua idadi halisi. Ukiijua, na ikawa kubwa kuliko ya jedwali, ile kubwa ndiyo inayosimama. Jedwali halitumiki kamwe kupunguza watu ambao viti vyao viko mbele ya macho yako.

Kwa hiyo tunakwenda chumba kwa chumba. Eneo la wazi la madawati lina mita 270. Jedwali linasema 45, lakini madawati ni 62, kwa hiyo tunaandika 62. Kituo cha simu kitachukua mita 120. Jedwali linasema 20, viti ni 40, tunaandika 40. Wamarekani waliona mapema kwamba vituo vya simu havifanani na ofisi za kawaida, wakaviwekea kifungu chao: hesabu watu halisi, na kwa vyovyote isipungue mtu mmoja kwa kila futi za mraba 50. Mapokezi yana mita 20, na sehemu ya kusubiria huhesabiwa mtu mmoja kwa mita moja, basi ni 20. Utasema hujawahi kuona wateja 20 mapokezi kwa wakati mmoja. Ngoja mvua kubwa ya masika ipige mji, magari yazame Jangwani, utawaona. Stoo ya faili na vifaa, mita 10, mtu mmoja.

Unabaki ukumbi, na huu ndio unaonipa mashaka kuliko vyumba vyote. Una mita 60. Chumba cha mikutano ni mtu mmoja kwa mita ya mraba, kwa hiyo 60. Lakini umeandika pembeni mwa mchoro kwamba mwishoni mwa mwaka huwa mnatoa meza mkapanga viti mistari. Mkifanya hivyo kipimo kinabadilika: kwa Wamarekani viti vitupu vya mistari ni futi za mraba 7 kwa mtu, na ukumbi uleule unakuwa wa watu zaidi ya 90. Chumba huhesabiwa kwa matumizi yake mazito kuliko yote. Ama mkubali namba hiyo kubwa, ama muiandike ukutani idadi ndogo na kuisimamia kwelikweli.

Je, wanaokaa ukumbini si walewale waliotoka kwenye madawati? Swali hilo ni la haki. Kama ukumbi ungetumiwa na wafanyakazi wa sakafu hiyo tu, mtaalamu angeweza kukubali wasihesabiwe mara mbili. Mawakala wenu wanatoka nje, wanaacha bodaboda chini, wanapanda. Hao ni watu wapya. Wanahesabiwa.

Jumlisha: 62, 40, 20, 1 na 60. Ni watu 183. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea bosi mahali pa 102 yake.

Sasa milango. Kwa mwongozo wa Uingereza, sakafu ya hadi watu 60 inaweza kuwa na njia moja ya kutokea. Kutoka 61 hadi 600 ni njia mbili kwa uchache. Zaidi ya 600 ni tatu. Marekani ni wakali kidogo mwanzoni: ofisi ikizidi watu 49 inadai njia mbili, 501 inadai tatu, na zaidi ya 1,000 inadai nne. Kwa vyovyote vile ninyi mnahitaji mbili. Kwenye karatasi mnazo. Kwenye ukuta mna mmoja tu, na wa pili una kufuli.

Upana ndio unaofuata, na hapa kuna wazo moja ambalo ningependa kila mwenye ofisi alielewe. Moto hauchagui mahali pa kuanzia. Unaweza kuanza mbele ya mlango wako bora kuliko yote, kwa mfano kwenye mashine ya kopi iliyo karibu na mapokezi. Ndiyo maana katika hesabu tunaufuta mlango mmoja, ule mpana zaidi, kana kwamba haupo, halafu tunauliza: watu wote wanaweza kutoka kwa mlango uliosalia? Mwongozo wa Uingereza unasema milimita 750 zinapitisha watu 60, milimita 850 watu 110, na milimita 1,050 watu 220. Ukizidi 220, kila mtu anaongeza milimita 5. Chini ya 1,050 huruhusiwi kukisia katikati. Mlango wa milimita 840 unahesabiwa kama wa 750.

Tena kinachopimwa ni uwazi halisi, mlango ukiwa umefunguka, kutoka kwenye fremu hadi kwenye uso wa mlango wenyewe. Wewe ulifanya vizuri kupima hivyo. Fundi akikuambia ameweka mlango wa 900, ukitoa fremu na unene wa ubao utabaki na 820 au pungufu. Na 820 ndiyo uliyoipata kwenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo, hata kufuli likitoka leo, mlango huo ni wa watu 60. Wa mbele una pande mbili, lakini upande mmoja umekazwa kwa komeo juu na chini, na unaofunguka umekupa 780. Nao ni wa watu 60. Ufute wowote kati ya hiyo miwili, unabaki na 60. Hapo ndipo jibu langu la mwanzo lilipotoka.

Kwa watu 183, kila mlango peke yake lazima uwe na uwazi wa milimita 1,050. Na ukidhani mtaponea kwa kuhamisha semina za Ijumaa kwenda kukodi ukumbi kwingine, hesabu inabaki 123. Imezidi 110, kwa hiyo bado ni 1,050. Kituo cha simu chenyewe ndicho kinachodai mlango mpya. Hilo bosi alijue kabla hajasaini gharama za kuhamisha.

Umbali nitaupitia haraka. Mwongozo unaruhusu mtu wa ofisini atembee mita 18 kama ana upande mmoja tu wa kukimbilia, na mita 45 kama ana pande mbili tofauti. Unapima jinsi mtu anavyotembea, akizunguka madawati, si kwa kamba iliyonyooka. Kama madawati hayajapangwa bado, chukua theluthi mbili ya umbali huo kwa mstari ulionyooka. Kwenye mchoro wako, dawati la kona ya mwisho liko mita 34 kutoka mlango wa mbele. Mlango wa nyuma ukifanya kazi, hakuna tatizo. Ukifungwa, 34 ni karibu mara mbili ya 18. Ndiyo maana nilisema hata wale 60 hawapiti. Milango yenu imeachana mita 24, na hiyo ni nzuri: Wamarekani wanataka iachane angalau nusu ya mstari wa kona kwa kona, ambao kwenye sakafu ya mita 30 kwa 18 ni mita 35, nusu yake 17 na nusu. Aliyesanifu jengo lenu aliifanya kazi yake. Kufuli ndilo lililoiharibu.

Nizungumze basi juu ya kufuli, maana najua hapo ndipo bosi atakaposhikilia.

Mwaka 1911, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York. Kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo lililosifiwa kwamba halishiki moto. Na kweli jengo lilibaki limesimama, hata leo lipo, ni mali ya chuo kikuu. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Ghorofa ya 9 kulikuwa na mlango wa ngazi uliokuwa umefungwa, kwa sababu wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote watokee upande mmoja ili mikoba yao ikaguliwe wasiibe vitambaa. Mahakamani mmoja wa wenye kiwanda aliulizwa thamani ya vilivyokuwa vikiibiwa, akakubali kwamba haizidi dola 25. Huo ni mlango wenu wa nyuma, binti yangu, kwa sababu ileile. Kutokana na msiba ule, chama cha Marekani cha kuzuia moto kiliunda mwaka 1913 kamati ya usalama wa maisha, na kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa kanuni za njia za kutokea ambazo leo zinatumika nchi nyingi.

Asiseme hayo ni ya New York na ni ya zamani. Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo.

Mlango ambao ufunguo wake uko getini, ghorofa tatu chini, mfukoni mwa mtu anayeweza kuwa amekwenda kunywa chai, unahesabiwa sifuri. Kuuning'iniza ufunguo ndani ya kisanduku cha kioo karibu na mlango si tiba pia; moshi ukijaa hata kitasa hukioni, sembuse tundu la ufunguo. Sharti ni rahisi: aliye ndani afungue kwa mkono mmoja, bila ufunguo, bila kadi, bila kuelekezwa.

Wizi una dawa yake, na haigharimu kama msiba. Weka baa ya kusukuma upande wa ndani: ukiiegemea kwa kifua mlango unafunguka, na upande wa nje hakuna mpini wala tundu, kwa hiyo kutoka ngazini hakuna anayeingia. Ongeza king'ora kidogo cha mlangoni kinacholia mara mlango unapofunguliwa, na kamera ya ulinzi inayoutazama. Mwizi wa ndani hawezi kupita kimya, na wa nje hana pa kuingilia. Mlango mpya ufungukie nje, kufuata watu wanakokimbilia, kwa sababu umati ukiusukuma mlango unaofungukia ndani unaufunga wenyewe kwa miili yao. Hili ni sharti kwa mlango wowote wa watu zaidi ya 60, na sakafu yenu imepita hapo.

Mlango wa mbele nao una matatizo yake mawili. Komeo la juu na la chini kwenye upande wa pili liondolewe, ziwekwe baa za kusukuma pande zote. Mtapata uwazi unaozidi milimita 1,500. La pili ni alama za vidole. Muulize fundi aliyefunga kifaa: umeme wa TANESCO ukikatika, mlango unabaki umekaza au unaachia? Kengele ya moto ikilia je? Jibu linalokubalika ni kuachia, mara zote mbili, pamoja na kitufe cha kufungulia kilicho ndani mahali pa wazi. Usiridhike na maneno yake. Zimeni swichi ya kifaa na betri yake, mujaribu.

Lifti usiihesabu kabisa.

Sasa nakuja kwenye ngazi, na nakuomba usome taratibu, kwa maana hapa ndipo wapangaji wengi hawajawahi kufika. Milango ni yenu. Ngazi ni za jengo zima.

Ngazi zenu zote mbili zina upana wa mita 1.1. Uingereza wana kanuni ya kukokotoa watu ambao ngazi moja inaweza kuwahudumia jengo zima likitoka kwa pamoja. Zidisha upana kwa 200. Kisha chukua upana, toa 0.3, zidisha kwa 50, zidisha tena kwa idadi ya ghorofa ukitoa moja. Jumlisha. Sehemu ya kwanza ni watu wanaoweza kutoka chini ya ngazi kwa dakika mbili na nusu; sehemu ya pili ni wale ambao ngazi yenyewe inaweza kuwa imewabeba ndani yake, tayari wameuacha moshi nyuma. Hizo dakika mbili na nusu nazo zina historia yake, kutoka mwaka uleule wa 1911: ukumbi wa maonyesho wa Edinburgh uliwaka moto Mei, watazamaji karibu 3,000 wakatoka salama wakati bendi inapiga wimbo wa taifa, na inasimuliwa kwamba muda wa wimbo ule ndio uliofanywa kipimo.

Kwenu: 1.1 mara 200 ni 220. Halafu 0.8 mara 50 ni 40, mara ghorofa 3 ni 120. Jumla 340. Na kama milango, tunaifuta ngazi moja, kwa kudhani imejaa moshi. Kwa hiyo watu wote wa ghorofa nne za juu, wenu na wa wenzenu, wasizidi 340. Mkichukua 183, ghorofa tatu nyingine zinabakiwa na 157. Kwenye mchoro umeandika kwamba ghorofa ya pili ni chuo cha kompyuta, na ya nne ni ofisi ya mawakili. Darasa huhesabiwa kwa ubanaji zaidi kuliko ofisi. Chuo peke yake kinaweza kumaliza hiyo 157 yote asubuhi moja, kabla hujagusa mawakili wa ghorofa ya nne.

Wamarekani wangekutuliza hapa, kwa kuwa wao hupima ngazi kwa watu wa ghorofa moja tu, milimita 7.6 kwa mtu, wakidhani watu wa juu watafika wale wa chini wakiwa wameshapita. Mimi kwa jengo kama lenu, lenye chuo katikati na bila mfumo wa kutangazia watu watoke kwa zamu, siwezi kukushauri ulale kwa dhana hiyo.

Kuna njia halali ya kuiokoa hesabu. Kila ngazi ikizungukwa na kuta zinazostahimili moto, na kati yake na ofisi kukawa na chumba kidogo cha kupitia chenye milango inayostahimili moto na kujifunga yenyewe, mwongozo unakubali ngazi zote mbili zihesabiwe, kwa sababu moshi hautarajiwi kuingia kirahisi. Hapo jengo linabeba 680. Mchoro wako unaonyesha vyumba hivyo upande wa nyuma lakini si upande wa lifti. Kavitazame vya nyuma kwa macho yako. Ninachokikuta mara kwa mara katika majengo ya mjini ni mlango mzuri wa moto uliozuiwa usijifunge kwa mtungi wa kuzimia moto, na ndani ya chumba chenyewe kuna madumu ya maji, ngazi ya fundi rangi na boksi za karatasi. Chumba cha namna hiyo hakihesabiwi.

Ukitaka kujua jengo lenye ngazi moja iliyojaa moshi linakuwaje, ni Joelma, São Paulo, tarehe 1 Februari 1974. Lilikuwa jengo jipya la ofisi la ghorofa 25. Kiyoyozi kilileta hitilafu ghorofa ya 12, moto ukashika dari na makapeti, na ngazi pekee ikageuka bomba la moshi. Walioshindwa kushuka wakapanda juu ya paa wakitegemea helikopta, ambazo hazikuweza kutua. Walikufa zaidi ya watu 170. Walikuwa watu wa ofisi, waliokwenda kazini asubuhi kama mnavyokwenda ninyi.

Kwa hiyo ukikaa na bosi, usianze na hofu. Mpe karatasi yenye namba tatu. 183 ni watu mtakaokuwa nao. 60 ni uwezo wa milango yenu leo. 340 ni uwezo wa ngazi kwa wapangaji wote kwa pamoja. Kisha mwombe mambo mawili yenye tarehe. Kwanza, kufuli litoke wiki hii, hata kabla ya mlango mpya, na mlinzi mmoja akae ngazini nyuma hadi baa na king'ora vifungwe. Pili, viti vya kituo cha simu visipande hadi milango yote miwili iwe na uwazi wa milimita 1,050 na mwenye jengo awe amewapa kwa maandishi idadi ya watu wa kila ghorofa. Barua hiyo muiandike leo, kwa sababu wenye majengo huchelewa kujibu, na pengine swali lenyewe hawajawahi kuulizwa. Kutoboa ukuta kupanua mlango nako kunahitaji ruhusa yao na jicho la mhandisi, kama ukuta ule unabeba jengo.

Wakati huohuo waandikieni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua. Wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya jengo lenu, na mkaguzi akitaka kipimo kikali kuliko changu, fuateni chake. Mpe mchoro huuhuu. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi nao watauliza mambo hayahaya kwa upande wa wafanyakazi.

Na ukumbi: una mlango mmoja, na kwa Uingereza watu 60 ndio ukomo wa mlango mmoja, kwa Marekani 49. Uondoe viti mpaka vibaki 45, vya ziada vishushwe chini visikae pembeni vikisubiri, na idadi hiyo ibandikwe mlangoni. Jumla yenu ya Ijumaa itashuka hadi 168.

Kuna mwenzenu mmoja uliyemtaja kwenye mchoro, wa idara ya madai, anayetumia kiti cha magurudumu. Hesabu zote nilizofanya zinamdhania mtu anayeshuka ngazi kwa miguu yake. Kwa ajili yake tengeni sehemu kwenye kile chumba cha kupitia cha nyuma, kikishasafishwa, mahali ambapo kiti chake kinakaa bila kuwazuia wanaoshuka, na mteue watu wawili kwa majina, na wengine wawili wa akiba, wenye jukumu la kubaki naye na kumshusha. Yeye mwenyewe ashirikishwe kupanga, kwa kuwa ndiye anayejua namna ya kubebwa. Dawati lake, kama yeye ataridhia, lisogezwe upande wa nyuma.

Nitumie nakala ya jibu la mwenye jengo likifika. Idadi ya chuo cha kompyuta ndiyo ninayotaka kuiona kwanza.